Mwalimu wa Siasa na Fulana za Mafuvu

Siku ile walikuwapo wadogo zangu watatu, Tumaini, Zawadi na Eliya. Alikuwapo Mama Tabu, jirani tuliyepakana naye shamba. Alikuwapo Hamisi, muuza mitumba wa Makambako, ambaye hakuwa ameshika jembe tangu ahamie kwetu kutoka Kondoa. Alikuwapo Mzee wa Kanisa, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba pasiwe na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Alikuwapo Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuna aliyemwalika. Nilikuwapo mimi, mkubwa wa yatima wale. Na alikuwapo Mwalimu wa Siasa, ambaye ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Tulikuwa upande wa Kitandililo, katika shamba aliloacha baba, na kama jua lingezama shamba halijalimwa, tungelipoteza. Ukimwondoa Mwenyekiti, sote tulivaa fulana nyeusi zenye fuvu la kichwa kifuani. Sababu nitaieleza, lakini kwanza mjueni mtu mwenyewe.

Tuliendelea kumwita Mwalimu wa Siasa hata baada ya somo lake kufutwa. Wenzake walifundisha hesabu, sayansi na Kiswahili, na masomo hayo yalibaki mahali pake. Lake liliondoka wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa, ratiba ilikuwa na somo jipya liitwalo uraia, naye akapangiwa hilo. Hakulalamika. Aliingia darasani na chaki ile ile. Mimi nilipokuwa mwanafunzi wake, kabla sijaacha shule darasa la sita, aliniandikisha hasara za ubepari. Mdogo wangu Zawadi alipofika darasa hilo hilo, aliandikishwa faida za ushindani katika soko. Zawadi, ambaye alikuwa ameona madaftari yangu, akamuuliza kipi ni kweli.

"Cha mwaka huu," Mwalimu akamjibu. "Mtihani unatungwa mwaka huu."

Msidhani alikuwa mtu wa kudharau mambo. Shida yake ilikuwa kwamba aliamini yote. Aliamini ujamaa kwa moyo mweupe, na soko huria lilipokuja akalisoma usiku na mchana mpaka akaliamini nalo, bila kuuondoa ule wa kwanza. Alibeba itikadi mbili kama mtu aliyeoa wake wawili ambao hawajaambiana, na kila mmoja alimpikia kwa zamu.

Mwilini mwake, hata hivyo, ujamaa ulikuwa umetangulia. Ungemjua dukani. Katika miaka ya uhaba alikuwa amepanga foleni za sukari, za sabuni, za chumvi, na mara moja alisimama katika foleni ambayo hakuna aliyejua inauza nini. Mambo yalipokuwa ruksa, maduka ya Makambako yakajaa bidhaa na foleni zikafa, lakini yeye aliendelea kupanga. Aliingia duka tupu, akasimama hatua tatu nyuma ya kaunta, mikono imefungwa kwa nyuma, akasubiri.

"Mwalimu, sogea, hakuna mtu," mwenye duka alimwambia.

"Naona. Nasubiri aondoke."

Alipofika kaunta alitazama sabuni za rangi zote, akauliza bei ya kila moja, akanunua kipande cha ile ya zamani ya kufulia. Nje akatuambia kwamba huo ndio uhuru wa kuchagua na kwamba ameutumia wote.

Wakati huo mimi nilikuwa nikiuza mayai ya kuchemsha pale njia panda ya Makambako, ambapo malori ya Zambia, ya Songea na ya Dar es Salaam hukutana. Baba alikuwa ametangulia, na mama alikuwa amefia Ilembula hospitalini baada ya kuugua muda mrefu. Mwalimu alikuja kununua yai moja kila Jumamosi, na alilila polepole ili apate nafasi ya kunifundisha. Hakukubali kwamba nimeacha shule. Alisema nimehamishwa tu darasa.

"Binti yangu, nani anamiliki njia kuu za uchumi hapa?"

"Hapa barabarani? Trafiki, Mwalimu."

Alitafuna, akafikiri. "Hilo halimo kitabuni," alisema, "lakini nitakupa maksi."

Sasa nije kwenye muziki, maana bila muziki mtu huyu hasimuliki.

Katika nyumba jirani na shule aliwahi kuishi kijana Mzungu aliyekuja kuchimba visima. Alichimba, akaugua malaria, akarudishwa kwao. Akamwachia Mwalimu redio kaseti na boksi la kanda. Mwalimu alidhani ni masomo ya Kiingereza. Alipoweka ya kwanza, Mama Tabu, aliyekuwa akipita na kuni, alidhani mashine ya kupasulia mbao imehamishiwa nyumbani kwa mwalimu. Akaingia kuomba maranda ya kuwashia moto.

Mwalimu hakuzitupa kanda zile. Alizisikiliza kama mtu aliyetumwa kuzikagua. Alikaa na kamusi, akasimamisha kanda, akairudisha, akaandika. Kijana yule alikuwa amemweleza kidogo, kwamba zipo za aina mbili, panki na metali. Sisi panki tuliyoijua ilikuwa mkato wa nywele, na waliokatwa hivyo walirudishwa nyumbani na mwalimu wa zamu. Metali Mwalimu aliitafsiri akaiita muziki wa chuma. Baada ya miezi kadhaa alikuwa na mhadhara mzima, na aliutoa popote alipopata watu wawili waliokaa.

"Ujamaa," alianza, "ni kwaya. Wote mnaimba, hakuna anayemzidi mwenzake, na wimbo umechaguliwa makao makuu. Mtu akikosea, kosa ni la wote. Soko huria ni muziki wa chuma. Kuna mpiga gitaa mmoja anakimbia mbele peke yake, vidole vyake vinang'aa, wenzake wanamfukuza nyuma, na sisi tuliolipa kiingilio tunashangilia kama vile na sisi tunapiga."

"Na panki?" mtu akauliza.

"Panki ni vyama vyetu vipya. Watu watatu, hawajui kupiga, hawataki kufundishwa, wamekasirika kweli kweli. Wimbo unakwisha kabla hujajua walikuwa wanadai nini."

Mama Tabu ndiye aliyependa kumhoji. Alikuwa mjane mwenye ulimi, na alimwita Mwalimu "shemeji" bila undugu wowote, kwa sababu ya utani tu.

"Shemeji, huyu anayelia hapa amefiwa?"

"Hapana. Anailalamikia serikali yake."

"Kwani Wazungu nao wana serikali?"

"Wanayo. Wanakula, wanashiba, halafu wanailalamikia."

"Basi hao hawajaonewa," Mama Tabu alisema. "Aliyeonewa hana pumzi ya kupiga kelele namna hiyo."

Mwalimu aliwaza juu ya jibu hilo wiki nzima. Jumamosi aliniambia kwamba Mama Tabu amevunja nadharia yake katikati, na kwamba atamjibu akipata kitabu cha kutosha. Sidhani alikipata.

Alikuwa na mikinzano ambayo tuliizoea kama mtu anavyozoea mlango unaogoma. Alihubiri kugawana, lakini kanda zake hakumwazima mtu. Alisema panki inafundisha kutomwogopa mkubwa, lakini mkaguzi wa shule alipokuja, aliificha redio kwenye pipa la maharage. Alisema mitumba ni fedheha kwa taifa lililokuwa na viwanda vyake vya nguo, na alisema hivyo akiwa ndani ya koti zito la mtumba, ambalo baridi ya kwetu haikumruhusu kulivua hata wakati wa kusema.

Na mkinzano mkubwa kuliko yote ni kwamba mtu huyu aliyejua kila kitu kuhusu umiliki wa ardhi hakuwa na shamba. Zamani, katika siku za shamba la kijiji, alikuwa wa kwanza kutoa eneo lake liunganishwe na la wote. Alilitoa kwa hotuba. Shamba la kijiji lilipokufa, wajanja wakaligawana kimyakimya siku ambayo Mwalimu alikuwa darasani anafundisha mgawanyo wa haki. Alipofika, hata mpaka wa kusimamia haukubaki. Nilimuuliza kama hakuumia.

"Niliumia," alisema. "Lakini hotuba ilikuwa nzuri."

Ndiyo maana habari za shamba letu zilimgusa. Mama alipokuwa Ilembula, mimi ndiye niliyekaa naye, nikimpikia na kumfulia, na wadogo walikuwa wadogo kweli. Shamba likalala misimu miwili. Msimu wa tatu ukaingia, na Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba ardhi isiyolimwa itapewa mwekezaji. Mwekezaji huyo alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyetaka kupanda misonobari. Mwenyekiti angekuja kukagua siku ya Jumamosi. Likikutwa pori, limekwenda. Shamba likienda, wajomba walikuwa tayari wamekwisha kugawana wadogo zangu kwa maneno: Tumaini kwa huyu, Zawadi kwa yule, Eliya Ludewa ziwani kwa ndugu ambao hatukuwa tumewahi kuwaona. Mimi nilikuwa nimemwambia mama, akiwa hai na akisikia, kwamba hatutatawanyika.

Kwetu ukitaka shamba lilimwe kwa siku moja unaalika watu. Aliyekuja humlipi. Unamlisha na kumnywesha, na siku yake ikifika unakwenda na jembe kwake. Siku inalipwa kwa siku, tena katika shamba la yule yule uliyemkopa, si la mwingine. Kwa hiyo mtu huangalia anayemwalika. Yatima wanne ambao mkubwa wao anauza mayai, watalipa lini? Nilizunguka kijiji kizima. Wengi walisema wataona. Mama Tabu alikubali. Mzee wa Kanisa alikubali nilipomhakikishia kwamba nitapika togwa tu, isiyolevya. Mwalimu sikumwalika, kwa sababu mtu asiye na shamba haalikwi. Utamlipa wapi?

Alikuja mwenyewe. Alikuja na jembe la kuazima na redio kaseti begani, na nyuma yake alikuja Hamisi akisukuma baiskeli yenye nusu ya robota la mitumba.

Hamisi alikuwa na mkosi wake. Alikuwa amenunua robota la fulana bila kulifungua, kama wanavyonunua, na ndani akakuta fulana nyeusi tupu, zote zimechorwa mafuvu, moto na maandishi yenye miiba. Makambako nzima hakuna aliyezitaka. Waislamu wenzake walimwambia atubu, Wakristo walimwambia aokoke. Mwalimu pekee ndiye aliyezitambua. Alimweleza Hamisi kwamba hizo ni sare za muziki wa chuma, na kwamba soko lake lipo, ila liko Ulaya. Sasa alikuwa amemshawishi azigawe shambani, watu wasichafue nguo zao.

"Mtaji umeshakufa," Hamisi alituambia. "Afadhali uzikwe unalima."

Tulizivaa. Baridi ilikuwa kali na ukungu haujaondoka. Fulana ni fulana. Mzee wa Kanisa aligeuza yake ndani nje, lakini rangi ilikuwa imepenya, na fuvu likaonekana kwa mbali kama linachungulia. Mwalimu akaweka redio juu ya kichuguu, akachagua kanda, akabonyeza.

Tulijaribu kulima kwa kufuata ngoma. Haikuwezekana. Mpigaji yule alipiga kama anayefukuzwa na nyuki. Mama Tabu ndiye aliyegundua kwamba ukiacha mapigo matatu na kushusha jembe kwenye la nne, unakwenda sawa. Tukashika hilo. Sijawahi kuona watu wakilima vile. Hamisi alishika jembe kama mtu anayeua nyoka, lakini hakusimama. Kila upande wa kanda ulipokwisha tulipumzika, tukanywa togwa, Mwalimu akageuza kanda, tukaanza tena.

Mwenyekiti alifika tukiwa tumevuka nusu. Alisimama mpakani. Mwalimu akapunguza sauti.

"Kamwene," Mwenyekiti alisalimu, lakini macho yake yalikuwa vifuani mwetu. Alitazama fuvu la Mama Tabu, fuvu la Eliya lililofika magotini, na lile lililokuwa likichungulia kwa Mzee wa Kanisa. Ndipo nikaona jinsi anavyohesabu. Miaka hiyo kila mwezi kulizaliwa chama, na kila chama kilikuja na rangi yake, alama yake na redio yake ya kelele.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "chama hiki kimesajiliwa?"

Hakuna aliyecheka. Hatukuthubutu. Mwalimu alijifuta jasho kwa kola ya koti.

"Tuko katika hatua za mwanzo," alisema.

"Sera yenu ni nini?"

"Ardhi ni ya anayeilima. Hiyo unaijua, uliifundisha mwenyewe ulipokuwa balozi wa nyumba kumi. Ila kama sasa unafuata ya uwekezaji, tunayo pia. Hawa unaowaona ni wawekezaji. Wamewekeza migongo. Chagua unayotaka, zote mbili zinafika hapa hapa."

"Na huyu mfanyabiashara wa mjini ni nani kwenu?"

"Mweka hazina," Mwalimu alisema.

Hamisi, ambaye mtaji wake wote tulikuwa tumeuvaa, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee wa Kanisa. "Hata wewe, Mzee?"

Mzee wa Kanisa alikuwa mtu asiyesema uongo. Alifikiri kwanza. "Mimi nimekuja kusaidia yatima," alisema. "Haya mengine nimevalishwa."

Kwa Mwenyekiti hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote, maana alilielewa kuwa chama kimeshaingia kanisani. Uchaguzi ulikuwa karibu. Alitembea kuzunguka eneo lililolimwa, akapiga teke bonge la udongo, akatangaza kwa sauti ya ofisi kwamba shamba hili lina watu na halina mgogoro. Akaomba togwa. Tukampa. Alipokuwa akiondoka alimvuta Mwalimu pembeni, na baadaye tulijua alichomwambia: kwamba kama kutakuwa na nafasi ya mwenyekiti wa tawi, asisahaulike.

Tukamaliza jua likiwa bado juu. Hatukutawanyika.

Madeni mengine niliyalipa. Nililima kwa Mama Tabu, yeye akisimama kichwani mwangu na kuniambia nakwaruza ardhi kama kuku. Nililima kwa Mzee wa Kanisa. Hamisi alikodi bustani ya mboga karibu na reli kwa ajili tu ya mimi kupata pa kumlipia, maana alisema kwao pia mtu hapendi kudaiwa wala kudai. Ilibaki siku ya Mwalimu. Kila nilipomkumbusha alisema, "Nikipata shamba nitakuita." Akastaafu. Akaondoka Makambako kwenda kuishi kwa binti yake Njombe mjini.

Miaka ikapita. Tumaini alijenga, Zawadi akawa muuguzi, Eliya akaendesha malori yale yale niliyoyauzia mayai. Shamba nililima mimi. Siku moja, mavuno yakiwa yamekwisha, nililifunga jembe kwenye kiroba nikapanda basi la Njombe.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha mbao, ndani ya koti lile. Amekonda. Ukutani alikuwa amepanga betri za redio zipate jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa nyuma ya ukungu. Nilipopiga magoti kumsalimu, koti lilifunguka nikaona fulana nyeusi. Fuvu lilikuwa limefifia, limebaki meno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Unakwenda shambani hapa Njombe mjini?"

"Nimekuja kulipa siku yangu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikatazama uani. Kulikuwa na tuta la viazi karibu na jiko. Nilifungua kiroba.

"Rudisha jembe," alisema. "Hilo ni la mkwe wangu. Ukilima hapo umemlipa yeye, na yeye hakukulimia."

"Basi niambie la kwako."

"Kuna moja natarajia kupewa karibuni, hata hotuba halihitaji. Lakini hilo wanachimba wanaume. Umekosa tena."

Sikuweza kucheka. Aliona, akabadilisha habari kama alivyobadilisha ubaoni. Akauliza habari za chama. Nikamwambia Mama Tabu hayupo tena, Mzee wa Kanisa alimtangulia, Hamisi alihamia Tunduma na sasa anauza simu. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti.

"Wanachama wawili, kikao kimoja," alisema. "Tunaweza kufungua mkutano. Weka kanda."

Nilizitia betri kwenye redio yake. Kanda ilianza kwa kasi yake ya zamani, na mguu wangu ukaanza wenyewe kusubiri pigo la nne. Kisha betri zikachoka. Mpiga gitaa alipunguza mwendo, waliokuwa wakimfukuza wakamfikia, sauti zikashuka zikawa nzito na za pamoja, kama kwaya ya wazee kanisani siku ya maziko. Mwalimu aliinua kidole.

"Unasikia?" alisema. "Hata wao mwisho wanafika huku."

Kanda ikasimama. Nikazitoa betri, nikazipanga tena ukutani, kila moja mahali pake. Tukakaa kusubiri jua ambalo halikutoka, mpaka basi la mwisho lilipokaribia. Aliniambia nirudi wiki ambayo hakuna ukungu. Nilimwambia nitarudi na jembe.

Nililifunga tena kwenye kiroba na kurudi nalo Makambako. Halikuwa na udongo hata kidogo.